Kijana ameitwa JKT Nachingwea na anataka abaki jeshini: vita vya jirani ni vyetu au si vyetu?

Baba Chikongola (Mtwara)

Habari zenu wakubwa na wadogo. Naandika nikiwa Chikongola, hapa Mtwara mjini. Jambo langu ni la nyumbani, lakini kila ninapolitafakari naona linavuka ukuta wa nyumba yangu, na ndiyo maana nimelileta kwenu.

Kijana wangu wa pili amemaliza kidato cha sita, na jina lake limetoka katika orodha ya vijana wanaotakiwa kwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kambi ya Nachingwea. Hiyo miezi mitatu haina mjadala kwetu. Sheria ni sheria, na mimi mwenyewe naitaka. Tatizo lilianza siku tulipokuwa tunakula jioni, alipotuambia kwamba miezi mitatu ikiisha hataki chuo, ataomba nafasi ya kujitolea ile ya miaka miwili, kisha atafute njia ya kuingia JWTZ, jeshi la ulinzi lenyewe. Mama yake alinawa mikono ugali haujafika nusu, na hakusema neno mpaka asubuhi.

Mama yake ni mtu wa Kitaya, kule kandokando ya Ruvuma. Wengi wenu mnakumbuka Oktoba 2020, watu wenye silaha walipovuka mto kutoka Msumbiji, wakaua na kuchoma nyumba. Miongoni mwa nyumba zilizoungua ilikuwamo ya shemeji yangu. Tangu hapo mke wangu akisikia pikipiki usiku inapunguza mwendo karibu na dirisha letu, huamka akakaa kitandani mpaka iondoke. Hoja yake kwa hiyo ni fupi: wale watu walitufuata kwetu, na wewe unataka mtoto akawatafute kwao?

Mimi ni mtu wa mambo ya zamani, na sioni haya kulisema. Naamini kijana anapaswa kuijua nchi yake kwa jasho kabla ya kuijua kwa hotuba, na naamini jeshi ni kwa ajili ya kulinda nchi, si kitu cha kuazimwa na kila kikao kinachokaa New York au Addis Ababa na kutoa azimio. Nakumbuka Desemba 2017, vijana wetu waliovaa kofia za bluu za Umoja wa Mataifa walipouawa na waasi kule Semuliki, mashariki mwa Kongo. Habari za kwanza zilitaja 14. Nilijiuliza siku ile ni kizingiti gani cha Mtanzania walichokuwa wanakilinda pale, na sikupata wa kunijibu.

Naomba basi mnisaidie. Haya mapigano ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio ng'ambo ya Ruvuma, tuyahesabu kuwa yetu, au ni Kongo nyingine iliyo karibu zaidi? Na mzazi anayeamini ninayoyaamini ana haki gani ya kumzuia mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima?

---

Mstaafu wa Nachingwea

Ndugu yangu, andiko lako nimelisoma mara mbili. Nilivaa sare kwa miaka 24, na sehemu ya miaka hiyo niliitumia Zambezia, kati ya 1986 na 1988, serikali yetu ilipopeleka vikosi kuisaidia Msumbiji dhidi ya waasi wa RENAMO. Sitasimulia mapigano, maana waliokufa kule hawapo kunisahihisha nikiongeza chumvi. Baadhi yao wamelala hapo Naliendele, kwenye makaburi ya mashujaa, mwendo mfupi kutoka kwako. Mpeleke kijana siku moja asubuhi, asome majina taratibu, kabla hajajaza fomu yoyote.

Nitakueleza habari ya viatu tu. Mvua za Zambezia zilikuwa zinaozesha uzi wa buti kabla ya ngozi yenyewe, soli ikaanza kufunguka mbele kama mdomo wa samaki, nasi tukawa tunaifunga kwa waya wa simu. Waya ulikuwa unakata ngozi, ukiulegeza soli inachota matope, ukiukaza unachechemea. Mzazi anayetaka mwanawe awe askari amwone kwanza katika hali hiyo, akitembea siku ya nne na waya mguuni. Gwaride la sherehe za Uhuru lije baadaye katika mawazo yake.

Sasa hoja yako. Kwamba jeshi ni la kulinda nchi, nakubaliana nawe bila kusita, na mimi pia ni wa mambo ya zamani. Tunapoachana ni pale unapoamini kwamba kizingiti cha Mtwara kiko kwenye maji ya Ruvuma. Mnamo tarehe 5 Oktoba 2017 kundi lile lilipoishambulia Mocímboa da Praia kwa mara ya kwanza, wengi wetu huku tulisema ni mambo ya Wamsumbiji. Miaka mitatu baadaye, mwezi uleule wa Oktoba, likawa jambo la Kitaya na la shemeji yako. Machi 2021 wakaingia Palma, mji ulio karibu na Kilambo kuliko Kilambo ilivyo karibu na Masasi, na mwezi uliofuata kampuni ya Ufaransa iliyokuwa inajenga mradi wa gesi pale Afungi ikatangaza kusimamisha kazi. Na sisi gesi yetu iko wapi? Iko Mnazi Bay, pale Msimbati, karibu na mdomo wa mto huohuo, na bomba lake ndilo linaloelekea Dar es Salaam. Mtu anayeungojea moto ufike kwenye makuti yake ndipo achote maji hatumwiti mwangalifu. Ndiyo maana sikuona kosa askari wetu walipokwenda Nangade chini ya SAMIM, ile misheni ya SADC iliyoanza Julai 2021 na kufungwa Julai 2024. Kutoka Nangade mtu anarudi nyumbani kwa kuvuka mto mmoja.

Kongo ni habari nyingine, na hapo nakuunga mkono zaidi ya nusu. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, liliunda brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kabla mwaka haujaisha waasi wa M23 walikuwa wameshindwa. Ile ilikuwa kazi safi ya kijeshi, nami kama askari naionea fahari. Lakini mwishoni mwa 2021 M23 walikuwa wameinuka tena, Januari 2025 wakauchukua mji wa Goma, na Machi mwaka huohuo wakuu wa SADC wakaamua kuondoa vikosi vyao. Askari waliifagia nyumba, wanasiasa wakaacha mlango wazi. Kabla sijamruhusu mtoto wa mtu aende mbali, ningetaka aliyemtuma aniambie anakwenda kufanya nini, na atajuaje kwamba amemaliza. Asiyeweza kujibu hilo la pili anatafuta watu wa kujaza nafasi tu.

Kuhusu JKT sina upole. Lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na tulipositisha mafunzo ya lazima mwaka 1994 kwa kukosa fedha, tulikata mzizi tuliokuwa tunaukalia wenyewe, na kurudishwa kwake mwaka 2013 hakukufidia vijana wa miaka karibu 20 waliopita katikati. Wasomi hupenda kukumbushia Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi na Mwalimu Nyerere akalazimika, kwa uchungu mkubwa, kuwaita Waingereza wawanyang'anye silaha. Somo alilolipata halikuwa kuliogopa jeshi. Alilijenga upya, tarehe 1 Septemba 1964, kwa vijana waliokwisha kufundishwa kwamba bunduki ni ya wananchi. Njia ya kwenda JWTZ kupitia JKT ilitoka hapo, si urasimu. Pale kambini mtoto wa mkubwa na mtoto wa mkulima wa korosho wa Tandahimba huamshwa na filimbi moja, hupewa jembe la aina moja, na yule wa korosho ndiye anayejua kulishika. Nimeona kwa macho yangu jinsi jambo hilo dogo linavyomnyoosha mtu.

Haki ya kumzuia huna. Haki ya kumhoji unayo, tena mhoji kwa ukali.

---

Mama wa Newala

Shikamoo baba mstaafu, na salamu kwa wote. Nitasema machache, na mengine hayatapendwa.

Baba Chikongola ametueleza kwamba mke wake alinawa mikono kabla hajashiba, kisha akaendelea kutuuliza kana kwamba mama bado hajatoa hoja. Ameshaitoa. Ninyi wanaume mmeijibu kwa ramani.

Mimi nimezaliwa kwenye nyanda hizi za Makonde, na bibi yangu mzaa mama ni mtu wa ng'ambo, wale ambao hapa tunawaita Wamawia. Mstaafu anaposema kizingiti chetu kiko ng'ambo ya mto, mimi nakubali, lakini nakubali kwa sababu ambayo yeye hakuitaja: kule ng'ambo wako watu wetu. Palma iliposhambuliwa, walikuja wakikimbia, wanawake wenye watoto mgongoni na sufuria kichwani, na mwaka huohuo wa 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika wazi kwamba maelfu walirudishwa Msumbiji. Naelewa kwa nini serikali iliogopa. Katika kundi la wakimbizi anaweza kujificha muuaji, na Kitaya ilikuwa bado mbichi. Ila tusizungumze juu ya ulinzi wa kizingiti kama jambo lisilo na doa. Anayewapenda wazee wake na mila zake, kama mnavyojiita ninyi wa mambo ya zamani, anajua pia kwamba mgeni aliyekimbia kifo hakurudishwa mlangoni hata zamani hizo.

Jambo langu la pili linahusu nani anabaki. Katika wale waliochoma vijiji kule Cabo Delgado walikuwamo vijana wa Kitanzania, hilo halifichiki. Jeshi linamchukua mtoto kama wa Baba Chikongola, mwenye vyeti, afya na baba wa kumwandikia maswali. Yule aliyeishia darasa la saba, anayeshinda kijiweni akingoja msimu wa korosho, hamna anayemwita kwenda Nachingwea kwa mujibu wa sheria yoyote, na huyo ndiye anayefuatwa na watu wenye ahadi za fedha na pepo. Kama mnataka kulinda mpaka, mtafuteni huyo kabla hajatafutwa.

Na la mwisho kwa mama mwenzangu, kama anasoma. Mume wangu alikuwa askari, akafariki akiwa kazini, kwa ugonjwa wala si kwa risasi. Kilichonichosha ni jalada lake. Katika ofisi moja, ambayo siitaji, niliambiwa mara tatu nilete cheti kilekile cha ndoa, na mara ya tatu nilikikuta kwenye jalada lao nikiwa nimesimama pale pale kaunta. Kijana akienda, mwambie aandike warithi wake vizuri, na wewe tunza nakala ya kila karatasi.

---

Mwalimu wa Mtama

Nafundisha historia, kwa hiyo mniwie radhi nikianzia mbali. Mahali ninapoishi si mbali na Mahiwa na Nyangao. Katikati ya Oktoba 1917, kwa siku nne, jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck na jeshi la Waingereza, ambalo ndani yake walikuwamo askari wa Nigeria, walipigana hapo, na Waingereza peke yao walipoteza, kwa waliokufa na waliojeruhiwa, zaidi ya nusu ya askari karibu 5,000 waliowaingiza. Waliokuwa wanapigwa risasi pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika, na waliokuwa wanabeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa babu zetu, ambao hesabu yao haikuandikwa kwa uangalifu kama ile ya masanduku waliyoyabeba. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno pale Negomano. Anayepita leo Daraja la Umoja, lililofunguliwa Mei 2010, akitokea Mtambaswala, anashukia Negomano hiyohiyo.

Nawaambia haya wanafunzi wangu kwa sababu moja. Mto Ruvuma haujawahi kuzuia vita kupita, wala kwenda wala kurudi. Kwa hiyo katika hoja ya mstaafu juu ya jiografia sina la kupinga. Ninalotaka kulitilia shaka ni neno ambalo Mama wa Newala amelileta kwa nia njema, na ambalo viongozi wetu hulitumia kwa nia nyingine: udugu. Nchi haiwi na ndugu kwa namna mtu anavyokuwa na ndugu.

Angalieni Vita vya Kagera. Amin aliivamia nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa mwanzoni mwa Novemba kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Libya ilimpelekea Amin askari. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani mvamizi, na ulipokutana Monrovia Julai 1979 waliosimama kutulaumu sisi hawakukosekana, wakisema tumevunja kanuni ya kutoingilia mambo ya nchi nyingine. Gharama tulibeba wenyewe, na waliokuwa watu wazima miaka ya 80 mwanzoni wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na khanga. Ndiyo bei ya vita vya haki, tena tulivyoshinda.

Lakini katika vita hivyo kuna jambo ambalo hufichwa chini ya mengine. Msumbiji, nchi iliyokuwa na miaka mitatu tu ya uhuru na adui wake mwenyewe mlangoni, ilileta kikosi kuja kupigana upande wetu. Mstaafu aliyekulia Nachingwea anajua kwa nini. Samora Machel aliwafundisha wapiganaji wake hapo, na Mei 1975 safari yake ya kurudi nyumbani kama mshindi aliianza kwa kuvuka Ruvuma kutoka kwetu, akaelekea kusini mpaka Maputo. Hilo mimi siliiti udugu. Ni deni lililowekwa na kulipwa kati ya watu waliojua thamani ya walichopewa, na ninaliamini zaidi kuliko tamko lolote la mshikamano. Mikoa yetu ya kusini ndiyo iliyolitanguliza deni lile. Tulikaa miaka mingi tukiwa uwanja wa nyuma wa vita vya ukombozi, wakati barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa inakatika kila masika. Rufiji tulianza kuivuka kwa daraja mwaka 2003.

Kwa mizani hiyohiyo, tazameni nani alitangulia kufika Cabo Delgado Julai 2021. Ni Rwanda, isiyopakana na Msumbiji popote, ikiwa na watu 1,000, na mwishoni mwa 2022 Umoja wa Ulaya ukaipatia euro milioni 20 kwa kazi hiyo. Sisemi walifanya vibaya. Agosti 2021 waliikomboa Mocímboa da Praia wakishirikiana na jeshi la Msumbiji. Nasema wanajua walichokwenda kukitafuta. Mkulima wa Nanyamba anayelala karibu na mto ule ana haki ya kuambiwa na serikali yake, kwa lugha ya wazi, sisi tulikwenda kutafuta nini, tumepata kiasi gani, na nani anaangalia upande ule tangu SAMIM ilipofunga virago.

---

Kijana wa Shangani

Shikamooni wazee. Mimi nina umri unaokaribiana na wa huyo kijana, na nataka kuongeza jambo ambalo sisi tunaliona kwenye simu kila wiki. Yako matangazo ya kazi za nje, ulinzi na udereva, mengine yanaelekea Urusi, na mshahara unaotajwa unatosha kumchanganya mtu yeyote. Mwaka 2022 mwanafunzi Mtanzania aliyekuwa amefungwa huko alitolewa gerezani kwa ahadi ya msamaha, akapelekwa Ukraine na kufa Oktoba mwaka huo, na mwili wake ukaletwa nyumbani Januari 2023. Serikali ilikumbusha wakati ule kwamba sheria hairuhusu raia kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Swali langu ni hili: kama tunaambiwa ushujaa ni mzuri, na nchi yetu katika kura ya Umoja wa Mataifa ya tarehe 2 Machi 2022, juu ya Urusi kuivamia Ukraine, haikuwa upande wowote, sisi vijana tunajifunza nini hapo? Kwamba vita vile havituhusu, au kwamba tuliogopa kusema?

---

Mwalimu wa Mtama

Mwanangu, swali lako lina pande mbili. Nchi 141 ziliunga mkono azimio lile, tano zikapinga, 35 zikajizuia, nasi tulikuwa katika hizo 35 pamoja na Msumbiji na Afrika Kusini. Kujizuia si lazima kuwe woga. Nchi isiyo na mzinga katika ugomvi wa wakubwa inaweza kabisa kuamua kwamba haitakuwa mpiga makofi wa upande wowote, na mimi kwa kura ile sikuona aibu.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba kutofungamana kulikuwa ni kunyamaza. Desemba 1965, kwa sababu Uingereza ilishindwa kuchukua hatua dhidi ya walowezi wa Rhodesia, Tanzania ilivunja nayo uhusiano wa kibalozi, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumekaribia kuupata ukapotea. Wakati ule tulikuwa nchi ya miaka minne. Siku hizi naona tunalitumia neno lilelile bila kulipia, na kitu kisicho na bei hakina heshima sokoni.

---

Mstaafu wa Nachingwea

Mimi nitaongeza juu ya yule marehemu wa Ukraine, Mungu amrehemu. Askari huapa kwa nchi yake, na kiapo ndicho kinachomtofautisha na mtu aliyeshika bunduki. Aliyetolewa gerezani akapewa silaha ya nchi asiyoijua dhidi ya watu wasiomkosea si askari, ni kuni. Vijana wetu waambiwe hivyo bila kuzungushwa. Na wewe mama wa Newala, katika habari ya kijana wa kijiweni umenifunga mdomo. Kambi haziwezi kuwachukua wote, lakini kuwachukua wale tu waliokwisha kuchukuliwa na shule ni kulinda mlango ambao una mlinzi tayari. Juu ya wakimbizi sitabishana nawe. Ningekuwa pale kivukoni na amri mkononi, ningeitii, na usiku nisingelala.

---

Baba Chikongola (Mtwara)

Nawashukuru wote. Niliyasoma majibu yenu kwa sauti nyumbani, na la Mama wa Newala mke wangu alitaka nilirudie. Alicheka pale penye cheti cha ndoa, kicheko cha mtu aliyewahi kusimama kaunta kama hiyo, kisha akamwita kijana, akamwuliza yeye mwenyewe maswali ambayo nilidhani ni yangu kuuliza. Alimwuliza atakwenda wapi akiambiwa Nangade na atakwenda wapi akiambiwa Goma. Kijana alijibu kwamba askari hachagui. Mama yake akamwambia jibu hilo ni la askari, na yeye hajawa askari bado, kwa hiyo afikiri tena na amletee jibu la mtoto wake.

Hajaleta. Tumekubaliana kwamba amalize kwanza miezi mitatu, nafasi ya chuo aiombe vilevile, na nyaraka zake za udahili aende nazo kambini. Jumamosi tulikwenda Naliendele sote watatu. Sitaandika yaliyozungumzwa pale kwa sababu hayakuwa mengi.

Jana mke wangu alirudi kutoka kwa fundi na bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, mfuko mmoja nyuma, kama tangazo linavyotaka, na shuka mbili za bluu bahari alizozipinda mwenyewe. Raba tumempa fedha akanunue mwenyewe sokoni. Sasa naomba mnisaidie la mwisho, wenyeji wa Nachingwea: ni bora apande gari la moja kwa moja au akate safari Masasi?

---

Mstaafu wa Nachingwea

Akate Masasi, aondoke na basi la asubuhi mapema, na jioni ya siku ya kuripoti asingojee. Hizo raba azinunue leo, azivae humo ndani na nje ya nyumba wiki nzima mpaka ziushike mguu. Kambini asifike na kiatu kipya.